Ovaroli Itafuliwa na Nani? Kisa cha Kubomoa Ghala Kuukuu Mjini Mbeya

Mkandarasi mdogo wa jijini Mbeya alipewa kazi ya kubomoa jengo lililowahi kuwa ofisi na ghala, lililozungukwa na makazi ya watu, ili kiwanja kitumike kwa ujenzi mpya. Jengo lilikuwa na sehemu mbili zisizofanana. Sehemu ya mbele ilikuwa ya matofali ya kuchoma yaliyopigwa plasta ya saruji na chokaa, yenye rangi ya mafuta iliyopakwa tabaka juu ya tabaka na silingi bodi ambayo popo walikuwa wameifanya makazi kwa miaka mingi. Sehemu ya nyuma, yaani ghala lenyewe, iliezekwa kwa shiti za kijivu za saruji yenye asbesto, za aina iliyotumika sana katika majengo ya umma na ya taasisi katika karne iliyopita. Kazi ilipangwa mwezi Julai, wakati Mbeya haina mvua, upepo unavuma na asubuhi zake ni za baridi kali. Nguvu kazi ilikuwa msimamizi mmoja na vibarua sita, wawili kati yao wanawake wa kubeba kifusi, na makadirio yalikuwa siku 15. Majina na alama za kutambulisha mahali vimeachwa.

Kabla nyundo ya kwanza haijainuliwa, ulizuka ubishi kuhusu vifaa vya kujikinga. Mkandarasi alitaka kununua vya kutupa pekee: barakoa za kutupa, suti nyeupe za kutupa na glovu nyepesi, kwa hoja kwamba kifaa kinachotupwa hakidai kufuliwa, hakidai kabati la kukihifadhia na hakipotei mikononi mwa kibarua anayekuja leo na kesho haonekani. Msimamizi, fundi wa miaka mingi, alitaka ovaroli za kitambaa kizito, barakoa za mpira zenye vichujio vya kubadilishwa na glovu za ngozi. “Bosi, hayo makaratasi meupe saa nne asubuhi yameshachanika,” alisema, na kwa upande wa silingi na misumari yake hakuwa amekosea.

Wote wawili walikuwa wakibishania bei na uimara. Ninaona kwamba swali lililopaswa kutangulia ni jingine: uchafu utakaonaswa na kifaa utakwenda wapi baada ya saa za kazi, na ni nani atakayeushika. Kifaa cha kudumu hakinunuliwi peke yake. Kinanunuliwa pamoja na maji yake, sabuni yake, mahali pake pa kuanikwa na mtu wa kukisafisha, na pale ambapo hivyo vinne havipo, kifaa cha kudumu hugeuka kuwa chombo cha kubebea vumbi kutoka kazini hadi nyumbani. Kifaa cha kutupa nacho kina deni lake, kwa kuwa lazima kitupwe mahali fulani.

Haifai kuyajibu hayo bila kuujua uchafu wenyewe, kwa sababu katika jengo hili haukuwa wa aina moja. Wa kwanza na ulio mwingi zaidi ni vumbi la matofali, saruji na mchanga, ambalo ndani yake mna silika ya fuwele, yaani madini yaliyomo kwenye mchanga na mawe. Chembe zinazodhuru ni zile ndogo zisizoonekana kwa jicho, zenye kipenyo cha mikromita chache, ambazo hubaki hewani muda mrefu baada ya wingu linaloonekana kutua na hupenya hadi sehemu za ndani kabisa za mapafu. Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani uliiweka silika hiyo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 1997. Mbali na saratani, huleta silikosisi, ugonjwa wa makovu ya mapafu usio na tiba, na humwongezea mtu hatari ya kupata kifua kikuu. Jambo hili lina uzito wa pekee katika Nyanda za Juu Kusini, kwa kuwa si ajabu kumkuta kibarua wa ubomoaji aliyewahi kuponda mawe ya dhahabu Chunya, ambaye amekwisha kutumia sehemu ya akiba yake ya mapafu kabla hajafika kwenye jengo letu.

Uchafu wa pili ulikuwa juu ya silingi. Kinyesi cha popo kilichorundikana na kukauka kinaweza kuwa na kuvu aitwaye Histoplasma, ambaye mbegu zake hurushwa hewani pindi bodi inapoangushwa, na ambaye huweza kusababisha ugonjwa wa mapafu. Kwa mtu mwenye kinga imara mara nyingi ugonjwa huo hupita kama mafua, lakini kwa mwenye kinga dhaifu unaweza kuenea mwilini na kuua. Mikoa ya Njombe, Iringa na Mbeya imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa ile yenye viwango vya juu vya maambukizi ya VVU nchini. Msimamizi hana haki ya kumuuliza kibarua hali yake ya afya mbele ya wenzake, wala haimsaidii, hivyo njia pekee ya heshima ni kuwakinga wote kana kwamba aliye dhaifu yumo.

Uchafu wa tatu ni rangi za zamani, ambazo huweza kuwa na risasi, madini ambayo huwadhuru zaidi watoto wadogo. Wa nne ni asbesto. Shiti za namna ile huwa na nyuzi za asbesto kwa kiasi kidogo tu cha uzito wake, mara nyingi kati ya asilimia 10 na 15, na zikiwa nzima hazitoi nyuzi nyingi. Zikivunjwa, zikikatwa kwa msumeno au zikisuguliwa ndipo nyuzi hutawanyika. Madhara yake, yaani makovu ya mapafu, saratani ya mapafu na saratani ya utando iitwayo mesothelioma, huchelewa mno, kwa kawaida miaka 20 hadi 40, na ucheleweshaji huo ndio unaofanya watu waidharau.

Kuhusu wajibu, sheria haina utata. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awapatie wafanyakazi vifaa vya kujikinga, na kibarua wa kutwa ni mfanyakazi kama mwingine. OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ina ofisi ya kanda Mbeya. Kwa hiyo desturi ya kumwambia kibarua aje na kitambaa chake cha kujifunga puani haina pa kusimamia, kama isivyo na pa kusimamia ile ya kugawa maziwa mwisho wa siku ili “kuosha vumbi”. Maziwa ni chakula kizuri, lakini huenda tumboni, na vumbi liko kwenye mapafu.

Nianze na pumzi, kwa sababu hapo ndipo wengi hukosea kwa kudhani kwamba kifaa ghali ndicho kinachokinga zaidi. Barakoa ya kutupa ya daraja la FFP2, kwa makadirio yanayotumika Uingereza, hupunguza vumbi analovuta mvaaji hadi sehemu moja ya kumi, na ile ya FFP3 hadi sehemu moja ya ishirini. Barakoa ya mpira ya nusu uso yenye vichujio vya P3, daraja la juu la vichujio vya vumbi, imepewa kiwango hichohicho cha ishirini. Yaani kwenye karatasi FFP3 ya kutupa na barakoa ya mpira yenye P3 ziko sawa, na kwa viwango vya Marekani barakoa ya N95 na ile ya mpira ya nusu uso zote huhesabiwa kuwa na kiwango cha kumi. Barakoa za hospitalini, ambazo watu walizizoea wakati wa UVIKO-19, hazimo kabisa katika hesabu hii kwa sababu hazibani usoni.

Tofauti yao huonekana kazini, kwenye mbano. Barakoa ya kutupa huanza kulegea inapolowa jasho na mvuke wa pumzi, na mtu anayebeba beleshi la kifusi hupumua kwa nguvu hadi akaishusha shingoni ili apate hewa. Barakoa ya mpira hurudi kwenye umbo lake kila inapovaliwa, na mvaaji anaweza kuipima mwenyewe kwa kuziba vichujio kwa viganja na kuvuta hewa taratibu: ikinyonywa kuelekea usoni na kubaki hivyo, imebana. Ndevu huharibu mbano wa zote mbili, na hakuna kifaa cha bei yoyote cha aina hizi kinachosamehe kidevu cha siku tatu. Nyuso nazo hazilingani. Wanawake wawili wa kundi hili walihitaji saizi ndogo, na sanduku la barakoa za kutupa za saizi moja lisingewafaa hata kama lingekuwa la daraja la juu kabisa.

Sasa hesabu. Tuchukulie kwamba barakoa ya mpira pamoja na jozi yake ya kwanza ya vichujio ina bei ya barakoa 20 za kutupa, na jozi ya ziada ya vichujio ina bei ya barakoa 7. Kwa watu 7 na siku 15, kila mtu akitumia barakoa moja ya kutupa kwa siku, zitahitajika 105. Wakivaa mbili kwa siku, jambo ambalo kazi yenye jasho hulazimisha, zitakuwa 210. Upande wa pili, barakoa 7 za mpira zina thamani ya 140, na ukiongeza ubadilishaji mmoja wa vichujio kwa kila mtu, 49, jumla ni 189. Basi kwa kazi hii moja faida ni ndogo, na kwa mkandarasi ambaye angegawa moja kwa siku ni hasara. Faida halisi iko kwenye kazi itakayofuata, ambako atanunua vichujio peke yake: jozi mbili kwa kila mtu ni sawa na barakoa 98. Lakini hiyo ni iwapo barakoa zitafika huko zikiwa nzima na safi. Herufi NR iliyopigwa kwenye barakoa nyingi za kutupa ina maana kwamba hazikukusudiwa kuvuka zamu moja, kwa hiyo yeyote anayepata nafuu kwa kuivaa moja kwa wiki nzima amedanganya hesabu yake mwenyewe.

Hoja nzito ya mkandarasi ilikuwa kwamba vibarua hubadilika. Ni kweli, na barakoa ya mpira iliyotoka usoni mwa mtu mmoja haiwezi kuvaliwa na mwingine bila kuoshwa. Uamuzi uliofikiwa ulikuwa kuandika namba kwenye kila barakoa kwa maka peni, kuziosha jioni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni baada ya kutoa vichujio, kuzianika kivulini kwa kuwa jua huuharibu mpira, na kuzihifadhi katika ndoo yenye mfuniko ndani ya chumba cha msimamizi. Petroli na thina vilikatazwa. Kilikatazwa pia kitu ambacho mafundi wengi hukiona kuwa ujanja, nacho ni kupeleka vichujio gereji vikapulizwe kwa pampu ya upepo. Upepo huo huichana karatasi ya kichujio na kulirudisha vumbi lote hewani. Kichujio kikianza kumzuia mtu pumzi, au kikilowa au kupasuka, hutolewa na kuwekwa kipya.

Kuna mtego mwingine wa dukani. Barakoa za mpira zinazopatikana kwa urahisi mara nyingi ni zile za wapaka rangi za magari, zenye vikopo vya mkaa vya kunasa mvuke. Vikopo hivyo peke yake havizuii vumbi laini. Kwa vifaa vya viwango vya Ulaya mnunuzi atafute alama P3 na mstari mweupe, na kwa vile vya Marekani atafute P100 na rangi ya zambarau iliyokolea. Akionyeshwa mstari wa kahawia tu, ajue anauziwa kinga ya mvuke.

Kwenye mavazi ndipo kisa kinapokuwa kigumu. Ovaroli ya kitambaa kizito ni vazi bora la kazi: haichaniki kwa msumari wa silingi, ina mifuko, na asubuhi ya Julai pale Mbeya, kwenye mwinuko wa takriban meta 1,700, kibarua huivaa kwa furaha. Tatizo lake huanza saa kumi na moja jioni. Kibarua huondoka nayo mwilini, hupanda daladala, hufika nyumbani, humbeba mtoto, na baadaye ovaroli hukung’utwa mlangoni na kulowekwa katika beseni moja na nguo za familia. Haya si mawazo ya kutisha watu. Utafiti wa Newhouse na Thompson uliofanyika London na kuchapishwa mwaka 1965 ulikuta miongoni mwa wagonjwa wa mesothelioma watu ambao hawakuwahi kufanya kazi na asbesto, bali waliishi na jamaa waliofanya kazi hiyo, wakiwamo wanawake waliofua nguo za waume zao. Aliyeugua ni yule ambaye hakuna mwajiri aliyemhesabu.

Hivyo ovaroli za kudumu zilikubaliwa kwa sharti kwamba zisitoke kwenye eneo la kazi. Kila mfanyakazi alipewa mbili, si moja, kwa sababu nguo nzito iliyofuliwa jioni katika baridi ya Mbeya haikauki hadi asubuhi, na ovaroli mbichi hurudisha watu kwenye nguo zao za nyumbani. Pipa la lita 200 liliwekwa nyuma ya uzio. Ovaroli ilivuliwa bila kukung’utwa, ikatumbukizwa majini papo hapo ili vumbi life kabla ya kushikwa tena, na mtu mmoja alilipwa kwa kazi hiyo ya kufua, akiwa na glovu na barakoa kama wenzake. Maji machafu yalimwagwa juu ya kifusi cha matofali ambacho hata hivyo kilihitaji kulowanishwa. Mkandarasi alilalamika kwamba malipo ya mfuaji hayakuwamo katika bei aliyompa mwenye kiwanja. Malalamiko hayo yalikuwa ya kweli, na yanaonyesha kwa nini ovaroli huonekana rahisi: gharama yake huwa imehamishiwa kwa mke wa kibarua, ambaye hatumi ankara.

Kwa silingi ya popo uamuzi ulikuwa tofauti. Kinyesi kilichokauka hunata kwenye mishono na mifukoni, na kuifua nguo hiyo kwa mkono kunamfikisha mfuaji palepale alipokuwa mvunjaji. Hapo zilitumika suti za kutupa zenye kofia, za aina ya 5, yaani zilizotengenezwa kuzuia vumbi, juu ya nguo za ndani. Msimamizi alikuwa sahihi kwamba huchanika, kwa hiyo misumari iliyochomoza ilipigwa ndani kwanza, suti zilinunuliwa saizi moja zaidi ili zisipasuke mtu anapochuchumaa, na mikono ikafungwa kwa utepe juu ya glovu. Kwa kuwa kazi ya silingi ilikuwa ya siku mbili, idadi ya suti ilikuwa ndogo. Mtu asiuchukue uamuzi huu kama ulivyo na kuupeleka Kyela au Usangu, kwenye joto: suti isiyopitisha hewa kule humchosha mtu haraka na hudai mapumziko na maji mengi zaidi. Baridi ya Mbeya ilimrahisishia msimamizi jambo ambalo kwingine lingempa shida.

Shiti za asbesto ziliondolewa kabisa katika mjadala wa ununuzi. Mkandarasi alitaka kuzibomoa siku ya kwanza kwa nyundo, kwa vile walikuwa wameshavaa suti nyeupe. Hilo halikukubaliwa. Suti na barakoa haviwakingi majirani, na taka za asbesto zina taratibu zake chini ya usimamizi wa NEMC, baraza la taifa la mazingira. Kazi ya ghala ikasimamishwa mpaka mamlaka zihusishwe na apatikane mwenye ujuzi na kibali cha kuziondoa zikiwa nzima, zikiwa zimelowanishwa, kwa kufungua bolti moja moja na kuzifungasha. Nguo zinazovaliwa katika kazi hiyo zinapaswa kuwa za kutupa bila mjadala, kwa sababu hakuna pipa la kawaida la kufulia linaloweza kukabidhiwa nyuzi zile.

Vifaa vilivyobaki havikuleta ubishi mkubwa. Gambuti, helmeti na miwani ya kufunika macho pande zote ni vya kudumu kwa sababu huoshwa kwa maji dakika moja. Glovu za ngozi zilichaguliwa kwa matofali na misumari. Za mpira mwembamba zilivaliwa chini yake kwenye siku za popo. Na kila siku, kabla ya yote haya, umeme ulikatwa, kuta zikalowanishwa kwa mpira wa maji, na kifusi kikateremshwa badala ya kurushwa, kwa kuwa vumbi ambalo halikuinuka halihitaji kichujio.

Lililobaki ni deni la vile vya kutupa. Mazoea ni kuchimba shimo nyuma ya jengo na kuchoma kila kitu jioni, moshi wa plastiki ukiingia kwa majirani. Msimamizi alitaja hatari nyingine ambayo wanaokaa ofisini wasingeiwaza: suti nyeupe iliyotupwa ikiwa na mwonekano mzuri huokotwa dampo, hufuliwa na kuvaliwa tena na mpaka rangi au mtu wa bodaboda siku ya mvua. Kwa hiyo suti zilikatwa kwa mkasi mgongoni zikiwa bado zimelowa, barakoa zikakatwa mikanda, na vyote vikafungwa katika mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, kwa ajili ya kukabidhiwa kwa gari la taka la halmashauri kwa maelezo ya kilichomo. Mifuko na safari ya gari viliandikwa katika daftari la gharama mstari mmoja na suti zenyewe, na malipo ya mfuaji mstari mmoja na ovaroli, ili mkandarasi atakapotoa bei ya kazi nyingine, mwenye kiwanja azione gharama hizo tangu mwanzo na kuzilipa yeye.